Kasi na Sarufi: Kuipima Programu ya Mtandao kwa Ajili ya Msomaji wa Kiswahili



Nitazungumzia mambo mawili ambayo vyuoni hufundishwa katika madarasa tofauti. La kwanza ni kupima utendaji wa programu ya mtandao, yaani kasi yake na uwezo wake wa kubeba mzigo wa watumiaji wengi kwa wakati mmoja. La pili ni uundaji wa ujumbe, yaani namna programu inavyotunga sentensi inazomwonyesha mtumiaji. Nitadai leo kwamba mambo haya ni kazi moja. Ukurasa unaofunguka upesi ukiwa na sentensi isiyoeleweka haujamfikia msomaji. Sentensi fasaha inayochelewa mpaka msomaji akafunga simu haijamfikia pia. Na yote mawili huharibika kwa sababu ileile: kipimo huchukuliwa kwa mtu mmoja anayesoma Kiingereza, mwenye kompyuta nzuri, anayeishi karibu na seva. Fundi cherehani akimpima mteja mmoja kisha akawashonea mtaa mzima, hatushangai nguo zikiwabana wengine.

Ili tusizungumze hewani, nitatumia mfano wa programu moja, nayo ni MediaWiki. Hiyo ndiyo inayoendesha Wikipedia, ikiwemo Wikipedia ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2003. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi, mtu yeyote anaweza kuusoma, kuupima na kupendekeza marekebisho. Kwa hiyo kila nitakachosema mnaweza kukihakiki wenyewe.

Programu iliyozaliwa na mzigo

Wikipedia ilipoanza Januari 2001 ilitumia programu ndogo iitwayo UseModWiki, iliyoandikwa kwa lugha ya Perl, na kila ukurasa ulihifadhiwa katika faili lake. Wasomaji walipoongezeka, mtindo huo haukufaa tena. Magnus Manske, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cologne nchini Ujerumani, aliandika programu mpya kwa lugha ya PHP inayotumia hifadhidata, nayo ikaanza kazi Januari 2002. Ndani ya miezi michache hiyo nayo ikaelemewa, na Lee Daniel Crocker akaiandika upya. Toleo lake lilianza kutumika Julai 2002, na ndilo lililokuja kuitwa MediaWiki.

Tazameni mfuatano huo. Wikipedia ilitumia programu tatu ndani ya miaka miwili, na kilichosukuma mabadiliko kila mara kilikuwa ongezeko la wasomaji. Hata baadaye suala la kasi halikufungwa. Mwaka 2014 seva za Wikimedia, shirika linaloisimamia Wikipedia, zilihamia kwenye HHVM, mashine ya kuendesha msimbo wa PHP iliyotengenezwa na Facebook, na muda wa kuhifadhi ukurasa uliohaririwa ukapungua kwa takriban nusu. Mwaka 2019 zikarejea kwenye PHP ya kawaida, toleo la 7, kwa kuwa wakati huo PHP yenyewe ilikuwa imeboreshwa sana. Matokeo ya kipimo cha mwaka mmoja hayakutosha kwa uamuzi wa miaka mitano baadaye. Ilibidi kupima tena.

Wastani unavyotuficha ukweli

Mwanafunzi anayeanza kupima kasi hukimbilia wastani. Tuseme maombi 100 yametumwa kwenye seva. Maombi 90 yamejibiwa kwa sekunde 0.2, na 10 yamejibiwa kwa sekunde 6. Wastani wake ni sekunde 0.78. Takwimu hiyo inaonekana nzuri, lakini hakuna hata mtumiaji mmoja aliyesubiri sekunde 0.78. Tisini wamehudumiwa upesi, na kumi wamekata tamaa. Ndiyo maana wapimaji makini hupanga majibu yote kuanzia la haraka hadi la polepole, kisha huuliza: aliye katikati amesubiri muda gani? Na yule wa 95 katika 100? Na wa 99? Wa katikati anatueleza hali ya kawaida, na wale wa mwisho wanatueleza shida iko kwa nani.

Nawaombeni muulize swali hilo la mwisho kwa uzito, kwa sababu wanaosubiri sana si watu waliopatikana kwa bahati nasibu. Mara nyingi ni watu wa mahali fulani, wenye simu za aina fulani, au wanaotumia lugha ambayo programu haikuandaliwa vizuri.

Chukueni umbali. Wikimedia ina vituo vya seva Marekani, Amsterdam, Marseille, Singapore na São Paulo. Barani Afrika hakuna hata kimoja. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Tuseme njia ya kebo kutoka Dar es Salaam hadi seva ya Ulaya ni kilomita 8,000. Kwenda na kurudi ni kilomita 16,000, sawa na sekunde 0.08, na hapo hatujahesabu vifaa vya njiani wala mtandao wa simu. Kufungua muunganisho salama huhitaji safari kadhaa za namna hiyo: moja ya kuunganisha, moja ya kukubaliana funguo za siri, moja ya kuomba ukurasa wenyewe. Kwa safari tatu, karibu robo ya sekunde imeisha kabla herufi ya kwanza haijaonekana. Kabla ya 2009, nyaya za chini ya bahari zilipokuwa hazijafika Mombasa na Dar es Salaam, mawasiliano yetu ya nje yalitegemea satelaiti, na kwa satelaiti safari moja ya kwenda na kurudi huchukua karibu nusu sekunde. Nyaya zimetusaidia mno, lakini umbali bado upo. Mpimaji aliyeketi mita chache kutoka kwenye seva hauoni.

Kuna pia mzigo wa ghafla. Tarehe 25 Juni 2009 alifariki Michael Jackson. Watu wengi mno walikimbilia makala yake kwa wakati mmoja, huku wengine wakiihariri mfululizo. Kwa kawaida MediaWiki huhifadhi nakala ya ukurasa iliyokwisha kuandaliwa, ili isirudie kazi ya kuutengeneza kwa kila msomaji. Lakini kila uhariri huibatilisha nakala hiyo. Siku ile nakala ilibatilishwa mara kwa mara, na kila mara seva nyingi zilianza kuutengeneza upya ukurasa uleule kwa pamoja, kila moja bila kujua kwamba nyingine inafanya kazi hiyo. Seva zikazidiwa. Dawa iliyotengenezwa baadaye iliitwa PoolCounter. Kwa utaratibu huo seva moja huandaa ukurasa, nyingine hungoja, na zikingoja sana msomaji hupewa nakala ya zamani kidogo. Kipimo cha siku ya kawaida kisingeonyesha tatizo hilo, kwa kuwa kila ukurasa ukipimwa peke yake ulikuwa na kasi ya kuridhisha.

Tangu hapo wapimaji wa Wikimedia wamejifunza kuchagua kurasa nzito kwa makusudi. Makala ya Kiingereza kuhusu Barack Obama ni mojawapo ya zinazopimwa mara kwa mara, kwa sababu ina marejeo mengi na violezo vingi, yaani vipande vinavyotumiwa tena katika kurasa nyingi. Kurasa za aina hiyo ndizo zilizoonyesha kwamba violezo vilikuwa vikila muda mrefu, na mwaka 2013 wahariri wakapewa lugha ya programu iitwayo Lua ili kuviandika upya. Ni utaratibu mzuri. Dosari yake ni kwamba uzito unaopimwa mara nyingi ni uzito wa makala ya Kiingereza.

Sentensi hutungwaje?

Sasa tuingie kwenye ujumbe. MediaWiki ina maelfu ya jumbe: majina ya vitufe, maonyo, taarifa za makosa, maelezo ya kurasa. Hazikuandikwa ndani ya msimbo wenyewe. Tangu 2014 zimehifadhiwa katika mafaili ya JSON, faili moja kwa kila lugha, na kila ujumbe una ufunguo wake. Penye thamani inayobadilika, kama idadi au jina la mtu, huwekwa alama $1, $2 na kuendelea. Wafasiri wa kujitolea huzifasiri kupitia translatewiki.net, mradi ulioanzishwa na Niklas Laxström wa Finland, na tafsiri zao huingizwa kwenye programu.

Ikiwa lugha fulani haina tafsiri ya ujumbe, programu huchukua lugha mbadala. Kilingala huangukia Kifaransa, Kikechua huangukia Kihispania, na Kiswahili huangukia Kiingereza. Kwa hiyo kila ujumbe ambao hatukuufasiri msomaji wetu huuona kwa Kiingereza katikati ya ukurasa wa Kiswahili.

Ugumu huanza pale sentensi inapobeba idadi. Kijapani hakibadilishi umbo. Kirusi kina maumbo kadhaa, na 21 hufuata umbo la 1. Kiarabu kina maumbo sita, kuanzia sifuri, moja na mbili hadi mengi. Kiswahili katika kanuni za Unicode, viwango vya kimataifa vya maandishi ya kompyuta, kina mawili, moja na zaidi. Hivyo mfasiri wa MediaWiki anaweza kuandika:

{{PLURAL:$1|Ukurasa $1 umefutwa|Kurasa $1 zimefutwa}}

Hapa mambo ni mazuri, kwa kuwa sentensi nzima imo ndani ya kila umbo. Lakini mtengenezaji anayefikiri kwa Kiingereza hujaribiwa kuokoa kazi. Huandika ujumbe mmoja, "$1 imefutwa", kisha hupachika nomino yoyote mahali pa $1. Akijaribu kwa "picha", sentensi ni sahihi. Akijaribu kwa "akaunti", ni sahihi. Anaandika kwamba ujumbe umepita mtihani. Kisha mtumiaji anasoma: "Ukurasa imefutwa", "Jina imefutwa", "Kiungo imefutwa", "Mtumiaji imefutwa". Nomino nne, makosa manne, kwa sababu kila moja ina ngeli yake na kila ngeli inadai upatanisho wake: umefutwa, limefutwa, kimefutwa, amefutwa. Hali ni hiyohiyo kwa vivumishi. Mtengenezaji akiweka kivumishi kimoja cha upya ili kitumike kila mahali, mfasiri hana la kufanya. Hajui kama kitaambatana na jina jipya, kiungo kipya au kurasa mpya.

MediaWiki ina chombo cha jinsia, kinachowasaidia wasemaji wa Kirusi au Kipolandi kutofautisha mtumiaji wa kike na wa kiume. Sisi hatukihitaji, maana "mtumiaji amehariri" inatosha kwa wote. Tunachokihitaji ni ngeli, na kwa ngeli hakuna chombo cha jumla. Ulinzi wetu ni kuwataka watengenezaji waandike sentensi kamili kwa kila kitu kinachotajwa, badala ya kuunganisha vipande. Mfasiri naye ana njia zake. Anaweza kuandika "Umefanikiwa kufuta $1", au "Idadi ya vilivyofutwa: $1", akakwepa upatanisho bila kuharibu lugha.

Yako mengine mawili yanayotuhusu. La kwanza ni saa. Taarifa isemayo "Matengenezo yataanza saa 8:00" kwa msomaji wa Kiswahili ni saa nane, na hajui kama ni mchana au usiku. Kwa mfumo wa kompyuta ni saa mbili asubuhi. Tofauti ni saa sita. Anayepima tarehe na saa bila msomaji wa Kiswahili hatalibaini tatizo hili, kwa kuwa tarakimu zenyewe hazina kosa. La pili ni namba. Tanzania na Kenya huandika 1,500 kwa elfu moja na mia tano. Katika Kongo, kwa desturi ya Kifaransa, koma hutenga desimali, na 1,500 husomeka kama moja na nusu. Lugha ni moja, lakini kanuni za uandishi ni mbili.

Ujumbe nao una gharama

Hapa ndipo mada zangu mbili zinapokutana. Kuuonyesha ujumbe si kazi ya bure kwa mashine. Programu inatafuta ufunguo, inakagua kama wakabidhi, yaani wasimamizi wa tovuti hiyo, wameubadilisha, inaangukia lugha mbadala ikibidi, inaweka thamani, inachagua umbo la idadi, kisha inasafisha maandishi ili mtu mwenye nia mbaya asipenyeze msimbo wake ndani ya jina la mtumiaji. Ujumbe wenye viungo na mapambo hupitishwa pia kwenye kichanganuzi cha lugha ya alama ya MediaWiki, na hapo gharama hupanda.

Fikirini ukurasa wa historia wenye mistari 500, kila mstari ukiwa na jumbe sita. Hizo ni jumbe 3,000. Tuseme kila mmoja unachukua sehemu mbili za kumi za milisekunde. Jumla ni sekunde 0.6 kwa maneno yaleyale machache yanayorudiwa. Watengenezaji wa MediaWiki waliliona hilo. Katika orodha za mabadiliko na za historia, msimbo huziandaa mapema zile jumbe chache zinazojirudia, huziweka kando, kisha huzitumia katika kila mstari. Hata mafaili ya JSON hayasomwi upya kila ukurasa unapoombwa. Jumbe za kila lugha, pamoja na zilizotoka lugha mbadala, hukusanywa mapema katika hifadhi iliyo tayari kusomwa upesi. Na kwa upande wa kivinjari, tangu 2011 programu hutuma tu jumbe zinazohitajika katika ukurasa husika, kwa lugha ya msomaji, badala ya kumpakulia faili zima.

Lakini kasi ikitafutwa bila kuiangalia lugha, msomaji hupoteza haki yake. Wageni wasio na akaunti hupewa nakala ya ukurasa iliyohifadhiwa tayari, na hiyo ndiyo siri ya Wikipedia kuhimili wasomaji wengi kwa seva chache. Nakala hiyo ina jumbe katika lugha moja. Mgeni akiruhusiwa kuchagua lugha yoyote, kila ukurasa utahitaji nakala kwa kila lugha, na hifadhi itajaa. Hiyo ni mojawapo ya sababu kwamba katika mradi wa lugha nyingi kama Wikimedia Commons, kumpa mgeni lugha yake kumekuwa kugumu kuliko kumpa mwenye akaunti. Uamuzi wa aina hii huonekana wa kihandisi tu, lakini ndio unaoamua nani atakutana na lugha yake mlangoni na nani ataambiwa ajiandikishe kwanza.

Tupime nini?

Nina mapendekezo manne kwa anayetengeneza au kupima programu ya mtandao kwa ajili ya watu wetu.

Kwanza, pima ukiwa mahali pa msomaji. Tumia simu ya bei ya kawaida, kwa bando la kawaida, kutoka Mwanza, Kisumu au Bukavu. Usipoweza kufika, punguza kasi ya mtandao na ongeza ucheleweshaji kwa zana za kupimia, kisha andika matokeo ya wa 95 na wa 99 pamoja na ya wa katikati.

Pili, pima kwa lugha kamili. Fungua kila ukurasa kwa Kiswahili. Weka idadi 0, 1, 2 na 1,000. Weka nomino za ngeli tofauti, angalau za A-WA, LI-YA, KI-VI, U-ZI na I-ZI. Ujumbe ukivunjika kwa ngeli moja, umevunjika.

Tatu, tafuta maandishi yaliyofichwa ndani ya msimbo. MediaWiki ina lugha ya bandia yenye kifupi qqx, na ukiichagua, kila ujumbe huonyesha ufunguo wake badala ya maneno. Neno lolote la programu linalobaki kama lilivyokuwa haliwezi kufasiriwa, na ni kosa la kuripoti siku hiyohiyo. Lipo pia faili lenye kifupi qqq, linalobeba maelezo kwa wafasiri: ujumbe huu hutokea wapi, $1 ni nini, neno hili ni kitenzi au nomino. Katika miradi ya Wikimedia ipo zana inayokagua kwamba kila ujumbe mpya umeandikiwa maelezo hayo, na usipoandikiwa mtihani unafeli. Igeni utaratibu huo, kwani mfasiri asiyepewa maelezo analazimika kubahatisha.

Nne, unganisha vipimo viwili. Kila unapoongeza kasi, kagua kama sentensi zimebaki sahihi. Kila unapoboresha sentensi, kagua kama ukurasa haukuzidi kuwa mzito. Timu mbili zisizozungumza zitaharibiana kazi, kila moja ikiwa na ripoti safi mkononi.

Neno kwa wanafunzi

Wanafunzi wa isimu, msidhani kwamba haya ni mambo ya wahandisi. Mhandisi wa Berlin hajui ngeli, na hakuna atakayemfundisha msipomfundisha ninyi. Maelezo ya aya mbili kuhusu upatanisho wa kisarufi, yakiwekwa mahali panapopokelewa taarifa za makosa za mradi huria, yanaweza kurekebisha sentensi inayosomwa na watu wengi kwa miaka mingi. Wanafunzi wa kompyuta, msikubali kwamba Kiswahili ni pambo la kuongezwa mwishoni. Ujumbe wenye kosa la upatanisho ni hitilafu kama hitilafu nyingine yoyote: una namba ya kuripotiwa, una chanzo, una marekebisho.

Uzuri wa programu huria ni kwamba mlango uko wazi. Huhitaji kuajiriwa na mtu wala kusafiri kwenda ng'ambo. Fungueni akaunti translatewiki.net wiki hii, chagueni jumbe za Kiswahili zilizobaki bila tafsiri au zilizofasiriwa ovyo, mzirekebishe. Wenye ujuzi wa kupima, pimeni kurasa za Wikipedia ya Kiswahili kutoka mahali mlipo na mpeleke matokeo kwa wahusika. Na chuo chetu kiwaweke wanafunzi wa idara hizi mbili katika chumba kimoja walau kwa muhula mmoja, wapime programu moja pamoja. Kazi hii haitafanywa na mwingine kwa niaba yetu.